Gazeti Lililomtuma Stanley Ujiji

Kila mwanafunzi aliyefika kidato cha pili anajua kwamba Stanley alimkuta Dakta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Lakini ukiuliza bwenini kwetu ni nani aliyemtuma Stanley, wengi watakujibu ni Serikali ya Uingereza, na wengine watasema ni wamisionari. Sivyo. Aliyemtuma ni mwenye gazeti la New York, tena gazeti lililopata utajiri wake kwa kuuza habari za kutisha. Jina lake ni New York Herald. Nadhani ni vema tulijue gazeti hilo kabla ya kukariri tena habari za Ujiji kwa ajili ya mtihani.

Lilianzishwa tarehe 6 Mei 1835 na James Gordon Bennett, mtu wa Uskochi aliyekuwa amehamia Marekani. Fedha zake zote zilikuwa dola 500. Ofisi ilikuwa chumba cha chini ya ardhi katika mtaa wa Wall Street, na meza yake ilikuwa ubao uliolazwa juu ya mapipa mawili ya unga. Siku hizo magazeti makubwa ya New York yaliuzwa senti 6, nayo yalisomwa na wafanyabiashara na wanasiasa. Mtu wa kawaida hakuwa na haja nayo wala uwezo wa kuyanunua. Gazeti la Sun lilikuwa limekwisha vunja desturi hiyo mwaka 1833 kwa kuuzwa senti moja, na Bennett akafuata njia hiyo hiyo. Watoto waliuza magazeti yake njiani kwa kupaza sauti.

Mwezi Aprili 1836 kijana mmoja wa kike, Helen Jewett, aliuawa kwa shoka katika nyumba isiyokuwa na sifa njema. Magazeti ya heshima yangeliandika mistari michache tu. Bennett alikwenda mwenyewe mpaka chumbani, akaitazama maiti, akaandika yote aliyoyaona, kisha akamhoji mwenye nyumba na kuyachapa majibu yake. Karani mmoja kijana alishtakiwa, na mwezi Juni baraza likamwachilia. Siku zote hizo watu walilipigania gazeti. Hapo ndipo Bennett alipojua kwamba msomaji hununua hofu yake mwenyewe. Mwaka huo huo mhariri wa gazeti jingine alimpiga Bennett njiani, naye Bennett akakichapa kisa cha kipigo chake kama habari nyingine yo yote! Mwaka 1840 wahariri wenzake na wachungaji walishirikiana kuwataka watu wa heshima wasilinunue Herald. Halikufa.

Haifai kudhani kwamba gazeti lile lilikuwa upuuzi mtupu. Bennett alichapa habari za bei na fedha ambazo wengine hawakuzijali, na alituma mashua za kasi kuzipokea meli za Ulaya kabla hazijatia nanga, ili apate habari kwanza. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, alikuwa na makumi ya waandishi vitani. Lakini jambo moja halikutajwa katika somo letu, nami naona lazima nilitaje. Kabla ya vita hivyo Herald liliwatetea wenye watumwa wa Kusini, na kuwadhihaki waliotaka utumwa ukomeshwe.

Katika miaka ya 1860 kazi ilimwangukia mwanawe, aliyeitwa James Gordon Bennett vile vile. Huyu alizaliwa tajiri, akapenda mashua na anasa. Baba alikuwa akiifuata habari pale ilipotokea. Mwana alitaka habari itokee kwa sababu yeye ameilipia. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, aliitwa Paris mwezi Oktoba 1869 na kuambiwa amtafute Livingstone, gharama isimzuie. Tarehe 6 Januari 1871 alifika Unguja. Fedha za gazeti zilinunua nguo, shanga na nyaya za kulipia njia, zikaajiri karibu watu 200. Kiongozi wa walinzi wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepata kuuzwa utumwani hadi Bara Hindi, na ambaye alikuwa amekwisha safiri na Burton na Speke. Msafara ulitoka Bagamoyo mwezi Machi. Wazungu wawili waliofuatana na Stanley, Farquhar na Shaw, walifia safarini. Wapagazi kadhaa walikufa pia, lakini wanunuzi wa gazeti hawakuuliza majina yao.

Walifika Ujiji mwezi Novemba. Wa kwanza kumsalimu Stanley alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, tena kwa Kiingereza. Kisha yakafuata maneno mashuhuri ambayo Stanley anasemekana kumwambia yule mzee, na ambayo kila mtoto wa shule huyaiga kwa mzaha. Maneno hayo tunayajua kutoka kwa Stanley na gazeti lake. Livingstone hakuyaandika. Na katika kitabu cha Stanley cha kumbukumbu za kila siku, kurasa za siku ile zimechanwa. Mimi siwezi kusema hayakutamkwa, lakini shahidi wetu ni mtu aliyelipwa ili alete kisa cha kuuzika.

Habari zilichapwa New York mwezi Julai 1872, mwezi mmoja tu baada ya Bennett mzee kufariki. Wengi hawakusadiki. Walilijua gazeti! Ilibidi mwana wa Livingstone athibitishe kwamba mwandiko ulikuwa wa baba yake. Pamoja na habari za Stanley zilichapwa barua za Livingstone mwenyewe kwa Bennett, zikieleza ukatili wa biashara ya watumwa katika bara. Basi gazeti lile lile lililowatetea wenye watumwa ndilo lililowafikishia maelfu ya wasomaji ushahidi juu ya utumwa. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash, akisongwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Miaka miwili tu baada ya barua hizo, tarehe 9 Novemba 1874, Herald lilitangaza kwamba wanyama wakali wametoroka katika bustani ya wanyama ya Central Park, wameua watu 49 na kujeruhi 200. Inasimuliwa kwamba watu walijifungia majumbani na wengine wakatoka na bunduki. Mwisho kabisa wa makala ndefu, mahali ambapo msomaji aliyeshikwa na hofu hafiki, paliandikwa kwamba yote yamebuniwa ili kuonya juu ya udhaifu wa vizimba.

Bennett alijaribu tena bahati yake mwaka 1879, akagharimia meli Jeannette kwenda Ncha ya Kaskazini. Barafu iliivunja, na kati ya watu 33 wakafa 20. Yeye mwenyewe aliishi Ulaya, na mwaka 1887 akaanzisha toleo la Paris. Baada ya kufa kwake mwaka 1918 gazeti liliuzwa, na mwaka 1924 likaunganishwa na Tribune. Herald Tribune la New York lilikoma 1966. Toleo la Paris liliishi zaidi, hata jina la Herald likaondolewa mwaka 2013.

Jumba lao kubwa lilibomolewa 1921. Sanamu ya Minerva na za wahunzi wawili zilizokuwa juu yake zimewekwa katika kiwanja cha Herald Square, na kengele yao bado hugongwa kila saa.