Kusinzia, Kuambata, Kuchonga: Istilahi Tatu za Utafiti wa Tiba katika Faili la Mtoto Mwenye Selimundu

1.0 Utangulizi

Mijadala ya uundaji wa istilahi za Kiswahili imezoea kuanzia kwenye taaluma na kuishia kwenye orodha. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipoanza kazi yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, orodha hizo zimekuwa nyingi. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitoka mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba ikafuata mwaka 2003. Tatizo linalojadiliwa hapa si uchache wa maneno. Ni kwamba katika utaratibu wa orodha neno la Kiingereza ndilo linaloongoza njia: kila kidahizo hutafutiwa kisawe chake, na swali la nani atakayelisikia neno hilo, na atafanya nini baada ya kulisikia, huachwa nje ya kazi ya mwanaistilahi.

Makala haya yanachunguza dhana tatu ambazo katika mpangilio wa kialfabeti hukaa mbali mbali, lakini hukutana katika faili la mgonjwa mmoja: kumtia mtoto usingizi wa dawa, kushikana kwa seli, na kuunda dawa kwa kufuata umbo la molekuli. Mgonjwa mwenyewe ni mtoto mwenye selimundu. Hoja ni kwamba istilahi ya tiba ipimwe kwanza kwa uamuzi inaomwezesha msikilizaji asiye mtaalamu kuufanya. Ufupi na ulinganifu wake na lugha za kigeni vipimwe baadaye.

Neno selimundu lenyewe ni mfano mwema wa kuanzia. Ni fupi, lina seli ya kimataifa na mundu wa mkulima, na mzazi akionyeshwa picha ya chembe zilizopinda hahitaji maelezo zaidi. Lakini neno hili, kama lile la Kiingereza lililotokana na maelezo ya Herrick wa Chicago mwaka 1910, linataja umbo tu. Mwaka 1980 Hebbel na wenzake walionyesha kwamba chembe nyekundu za wagonjwa hawa hushika ukuta wa ndani wa mishipa kuliko chembe za watu wengine. Maumivu, basi, hayaletwi na kupinda peke yake. Jina limeutaja mundu, likanyamaza kuhusu kushika.

2.0 Usingizi wa dawa

Mtoto wa miaka mitatu mwenye selimundu anayeshukiwa kupata kiharusi huhitaji kupigwa picha ya ubongo kwa mashine ya sumaku. Mashine ni finyu, ina kelele, na picha huharibika mtoto akijitikisa. Hivyo hupewa midazolamu, propofoli, deksimedetomidini au dawa nyingine ya aina hiyo, na kabla ya kupewa, mzazi huombwa ridhaa. Maelezo anayoyapata huweza kuwa sentensi moja: mtoto atapewa dawa ya usingizi.

Fungu hilo la maneno limebebeshwa vitu vitatu visivyo sawa. Ni kidonge cha mtu mzima aliyekosa usingizi usiku. Ni dawa ya mtoto anayepaswa kutulia ndani ya mashine. Tena ni nusukaputi ya chumba cha upasuaji. Asili ya neno nusukaputi huelezwa kuwa ni nusu pamoja na neno la Kijerumani lenye maana ya kuharibika au kwisha. Hata asiyejua Kijerumani husikia ndani yake hatari fulani, na kwa hiyo neno hili, kwa ukali wake wote, ni aminifu. Dawa ya usingizi halina uaminifu huo. Mzazi anayeielewa kwa maana ya kwanza haoni sababu ya kumnyima mtoto uji asubuhi ile, kwa kuwa usingizi na njaa havihusiani katika maisha ya kila siku. Kumbe chakula kilicho tumboni huweza kupanda na kuingia mapafuni wakati kinga za koo zimelegea. Tena dawa hizi huweza kupunguza kupumua; oksijeni ikishuka, himoglobini ya selimundu hushikana ndani ya chembe na kuipinda. Kufunga bila maji kwa muda mrefu nako humdhuru mtoto huyu kuliko mwenzake. Taarifa zote hizi hutegemea mzazi kufahamu kwamba haongelei usingizi wa kawaida.

Kiingereza nacho hakikuwa salama. Mwaka 1985 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa mwongozo wa kwanza juu ya jambo hili, kufuatia vifo vya watoto watatu katika kliniki moja ya meno. Mwongozo huo ulitumia istilahi iliyomaanisha, kwa tafsiri ya karibu, kutulizwa huku mtu akiwa na fahamu. Istilahi hiyo ilipotosha: mtoto mdogo aliyetulizwa kiasi cha kuvumilia kazi ya daktari mara nyingi amekwisha kuvuka mpaka wa fahamu ambao jina linaahidi. Mwaka 1999 wataalamu wa nusukaputi wa Marekani waliweka ngazi zinazoshikana, na mwaka 2002 chama cha madaktari wa watoto kikaiacha istilahi ile ya zamani. Wanaistilahi wa Kiswahili wanaotafuta kisawe chake leo wanatafsiri neno ambalo wenyewe wamelitupa.

Ngazi zenyewe ni nne, na kinachozitofautisha ni namna mgonjwa anavyoitika. Katika ya kwanza huitika wito kama kawaida. Katika ya pili huitika kwa kuelewa akiitwa au akiguswa kidogo, na hupumua mwenyewe. Katika ya tatu haamki kwa urahisi, huitika baada ya kusumbuliwa tena na tena au kwa maumivu, na kupumua kwake huweza kuhitaji msaada. Katika ya nne haamshwi hata kwa maumivu.

Kiswahili kina ngazi za namna hii tangu zamani, ila hakuna aliyezipeleka hospitalini. Anayesinzia huinua kichwa akiitwa. Hapo ndipo kusinzia kunapotofautiana na kulala. Aliyelala usingizi mzito hutikiswa. Aliyelala usingizi wa pono hutikiswa bure. Makala haya yanapendekeza kutulia kwa ngazi ya kwanza, kusinzia kwa ya pili, usingizi mzito wa dawa kwa ya tatu, na nusukaputi ibaki mahali pake katika ya nne. Jina la shughuli nzima liwe usinzishaji. Kwa kufuata tulia na tuliza mtu angetarajia sinziza. Umbo sinzisha linapendelewa kwa kuwa kiambishi -ish- ndicho chenye uzalishi zaidi katika Kiswahili cha leo. Kitenzi tuliza hakifai kubeba jina la shughuli nzima, hata kama kimezoeleka, kwa sababu dawa ya kutuliza ni ya maumivu. Midazolamu na propofoli haziondoi maumivu. Mzazi akiambiwa mwanawe ametulizwa ataamini kwamba sindano haimuumi.

Faida ya kusinzia si uzuri wake tu. Neno hili humpa mlezi kipimo anachoweza kukitumia mwenyewe baada ya kurudishiwa mtoto wodini: akimwita jina na mtoto asiitike, mtoto hasinzii tena, na muuguzi aitwe mara moja.

Ketamini inauvuruga mpango huu. Mtoto aliyepewa ketamini huweza kukaa akiwa amefumbua macho, mboni zikichezacheza, anapumua vizuri, na hajui kinachofanyika. Katika Kiswahili mtu aliye macho ni mtu aliyeamka. Lugha imefanya jicho kuwa alama ya fahamu. Hapa alama hiyo inadanganya, na hakuna ngazi kati ya zile nne inayomfaa. Inapasa mzazi aambiwe kwa sentensi nzima, kwamba macho yatakuwa wazi lakini mtoto hatakuwapo. Istilahi moja haitoshi, na ni afadhali kukiri hivyo kuliko kulazimisha neno.

3.0 Uambataji

Kwa kushikana kwa seli kuna vitenzi vinne vinavyogombea nafasi: ganda, nata, shikamana na ambata. Cha kwanza kimeshachukuliwa na damu inayoganda, na kukitumia tena ni kuchanganya magonjwa. Kunata ni kwa ulimbo, unaomnasa ndege yeyote atuaye. Seli haziko hivyo. Mshiko wake huchagua: protini moja iliyo juu ya seli hutambua umbo fulani juu ya seli nyingine au kwenye utando unaozizunguka, na huliacha jingine. Vimelea vya malaria aina ya falsiparamu huonyesha jambo hili waziwazi. Chembe nyekundu iliyoingiliwa hutoa nje protini iitwayo PfEMP1, ambayo familia ya jeni zake ilielezwa mwaka 1995. Kwa kubadilisha toleo la protini hiyo, kimelea hubadilisha mahali pa kushika. Mwaka 1996 utafiti wa Fried na Duffy, uliotumia makondo ya nyuma kutoka Kenya, ulionyesha kwamba vimelea vya kondo hushika kondroitini salfeti A, tofauti na vile vya sehemu nyingine za mwili. Ulimbo haufanyi hivyo.

Baina ya shikamana na ambata, sarufi yenyewe inatoa uamuzi. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1944, alitenga minyambuliko miwili ambayo leo haizalishi tena: -ma ya hali ya kutulia, kama katika fungama, na -ta ya mgusano, kama katika fumbata, kamata na pakata. Ambata ni wa ukoo huu wa pili. Kiambishi kilichokwisha kufa katika uzalishi kimebaki na maana ileile hasa inayotafutwa na wanabiolojia: kugusa na kuendelea kugusa. Shikamana, kwa upande mwingine, ina -na ya kutendana, nayo hudokeza kwamba pande zote mbili ziko sawa. Zaidi ya hayo, mshikamano umekwisha kuzoea majukwaa ya siasa. Chembe nyekundu na ukuta wa mshipa si washirika. Moja hupita, mwingine hukaa. Chembe huambata kwenye ukuta, na tendo hilo liitwe uambataji.

Tahadhari mbili zinahitajika. Wanaisimu tayari wana nomino ambatani, lakini hakuna mgonjwa atakayezichanganya. Hatari zaidi ni kiambata kwa maana ya protini inayoambata, kwa kuwa limekaribiana mno na kiambato, ambacho ni kitu kilichomo ndani ya dawa. Protini ya uambataji, ingawa ni ndefu, inafaa zaidi. Majina mahususi kama integrini, selektini na kadherini yaachwe yalivyo. Hata katika lugha yalikobuniwa ni vifupisho vya kukumbushia tu.

4.0 Uchongaji

Baada ya uambataji kueleweka, dawa huweza kutengenezwa kuuzuia. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha tirofibani na eptifibataidi, ambazo huzuia integrini ya chembe zinazoanzisha mgando wa damu, na mfano wa zote mbili ulitoka kwenye sumu za nyoka. Kazi ya namna hii iitweje? Kubuni dawa ndilo jibu la haraka, nalo lina kasoro kubwa: hadithi ya kubuni ni hadithi isiyotokea, na dawa ya kubuni, katika sikio la mzazi anayeombwa kumwingiza mwanawe katika majaribio, ni dawa isiyokuwapo. Usanifu una kasoro ya kinyume. Kilicho sanifu kimekwisha kupimwa na kukubaliwa, ilhali voksilota, iliyoundwa kwa makini kushika himoglobini ya selimundu na kuidhinishwa Marekani mwaka 2019, iliondolewa sokoni na mtengenezaji wake mwaka 2024.

Mwaka 1894 Emil Fischer alifananisha kimeng'enya na kitu kinachofanyiwa kazi na kufuli na ufunguo. Ufunguo katika Kiswahili huchongwa. Fundi huangalia umbo, hupunguza hapa na pale, hujaribu. Ufunguo waweza kuingia usizunguke, na mteja hamwiti fundi mwongo kwa ajili hiyo. Uchongaji wa dawa hueleza kazi ya mkemia bila kuahidi matokeo. Kwamba vijana husema mtu anachonga wakimaanisha ana maneno mengi si kizuizi kikubwa.

Kizuizi cha kweli ni krizanlizumabu. Dawa hii huzuia P-selektini, yaani huzuia uambataji wa selimundu moja kwa moja. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa wagonjwa wa miaka 16 na zaidi, na mwaka 2023 kibali chake kikafutwa Ulaya baada ya majaribio kutoonyesha nafuu kuliko dawa bandia. Ni kingamwili, iliyotokana na ya panya ikarekebishwa ifanane na ya binadamu. Haikuchongwa kama ufunguo. Ilikuzwa, kisha ikarekebishwa. Ikiwa uchongaji utakubaliwa, basi ubaki kwa molekuli ndogo zinazofuatishwa umbo la kipokezi, na neno uundaji libaki juu yake kwa aina zote mbili.