Jaribio la Usalama Lina Siku Zake

Mashindano ya Formula Student, yaliyoanza Uingereza mwaka 1998, huzitaka timu za wanafunzi wa uhandisi zibuni na kuunda gari la mbio. Gari la umeme linaruhusiwa kufikia volti 600. Lakini mfumo ukizimwa, kanuni inadai volti zishuke chini ya 60 ndani ya sekunde 5. Kwa nini?

Kinachojeruhi ni nishati inayopita isipotakiwa. Swichi hukata umeme wa betri, ila kapasita zinazolisha mota hubaki zimejaa. Nishati iliyomo ni nusu ya uwezo wa kapasita mara mraba wa volti. Kapasita ya mikrofaradi 500 kwenye volti 600 ina juli 90. Nishati hiyo inaweza kumuua mtu aliyeona swichi imezimwa akapeleka mkono.

Dawa yake ni rezista ya kuimwaga nishati hiyo. Omu 4,000 ukizidisha kwa uwezo ule unapata sekunde 2. Volti hushuka hadi sehemu ya kumi kwa muda wa mara 2.3 ya hizo, yaani sekunde 4.6. Kanuni imetimia, lakini karatasini tu. Rezista huanza na wati 90. Je, itastahimili joto? Jibu linapatikana kwa kupima, na kupima kunahitaji siku.

Sasa tazama ratiba. Tuseme fremu inahitaji wiki 7. Seli za betri zinafika baada ya wiki 5, zinaunganishwa kwa wiki 3, kisha betri na saketi zake zinapimwa wiki 1: jumla 9. Mwisho, wiki 2 za kufunga gari zima. Kazi za fremu na betri zinakwenda sambamba, hivyo gari litakamilika wiki ya 11. Fremu ina akiba ya wiki 2. Betri haina hata siku moja. Hesabu hii ya njia ndefu kuliko zote iliasisiwa na Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand mwishoni mwa miaka ya 1950.

Seli zikichelewa wiki 1, kuongeza watu kwenye fremu hakuokoi chochote. Timu iliyobanwa hutafuta cha kukata, na jaribio ndilo huonekana rahisi kukatwa, kwa kuwa gari huwaka hata bila kupimwa. Hapo ndipo hatari huingia, tena bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Kwa hiyo mwalimu afundishe mradi na usalama katika somo moja. Jaribio liandikwe kwenye ratiba tangu wiki ya kwanza, liwe na tarehe na mhusika. Akiba ya muda iwekwe upande wa betri. Na anayeidhinisha umeme kuwashwa asiwe yule anayedaiwa tarehe ya kumaliza. Kisha awaulize wanafunzi: mkichelewa wiki moja, mtapunguza nini? Wakijibu kwamba watapunguza mapambo ya bodi, au watashiriki na gari lenye mwendo mdogo zaidi, wamekwisha kuelewa uhandisi.