Shingo, Tumbo na Mdomo: Usanifu wa Jagi la Kahawa ya Matone

Utangulizi

Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili kina utajiri wa msamiati wa mapenzi, dini na bahari, lakini kikifika mbele ya chombo cha kisayansi hubakia kukopa. Makala haya yanalipima dai hilo kwa chombo kidogo cha jikoni, yaani jagi linalopokea kahawa inayodondoka kutoka katika mtambo wa umeme. Jagi hilo lina kazi mbili: kuhifadhi joto na kuhifadhi riha. Kazi hizo hazipatani kila mara, na hapo ndipo msanifu wake hupata taabu.

Kahawa ya matone inayochujwa kwa karatasi ina asili yake Ujerumani. Mwaka wa 1908, Melitta Bentz wa mji wa Dresden alipata hataza ya chujio lake la karatasi. Mwaka wa 1954, Mjerumani mwingine, Gottlob Widmann, alipata hataza ya mtambo wa umeme ulioitwa Wigomat, na kuanzia 1972 mtambo wa Mr. Coffee uliieneza desturi hiyo katika nyumba za Marekani. Katika mitambo mingi ya aina hii jagi ni la kioo, nalo huketi juu ya bamba la moto.

Kasoro ya bamba la moto

Bamba hilo hulinda joto lakini huua riha. Kahawa iliyokwisha kuchujwa haina haja ya kupikwa tena. Ikiachwa juu ya moto, maji yake hupungua, nayo huzidi kuwa nzito. Aidha, viambata vinavyotokana na asidi ya klorojeni huvunjika na kuzaa asidi nyingine zinazoongeza uchachu na ukali ulimini. Kiswahili kina jozi ya vitenzi inayoieleza hali hii kwa ufupi wa ajabu: kunukia na kunuka. Kiambishi kimoja tu, -i-, ndicho kinachotenganisha manukato na uvundo. Kahawa iliyosahauliwa juu ya bamba huanza kwa kunukia ikaishia kunuka.

Dawa ya kasoro hii ilikuwapo kabla ya mtambo wenyewe. Mwaka wa 1892, mwanasayansi James Dewar alibuni chupa yenye kuta mbili zilizotenganishwa na ombwe, ingawa nia yake ilikuwa kuhifadhi gesi zilizogeuzwa kuwa kioevu kwa baridi kali, wala si vinywaji. Pasipo na hewa, joto halina cha kulibeba kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Na ukuta ukipakwa madini yanayong'aa, miale ya joto hurudishwa ilikotoka. Jagi la ombwe basi halihitaji moto chini yake. Njia kubwa ya kutorokea inayobaki ni ile ya juu, yaani shingo na kifuniko.

Hesabu ya joto

Chukuliwe kwamba lita moja ya kahawa yenye nyuzi 85 za sentigredi inaingia katika jagi la kioo la gramu 400 lililokuwa na nyuzi 20. Gramu moja ya kioo huhitaji takriban moja ya tano ya joto linalohitajiwa na gramu moja ya maji ili kupanda kwa uzi mmoja. Kwa hivyo kahawa na kioo vitakutana kwenye nyuzi 80 hivi. Nyuzi 5 zimekwisha kupotea kabla ya kikombe cha kwanza kumiminwa, na hakuna aliyeziona zikienda! Ndiyo maana kulisuuza jagi kwa maji moto kabla ya kulitumia si mbwembwe za wajuaji.

Mvuke nao ni mwizi mkubwa zaidi. Gramu 10 tu za mvuke zikitoroka, huondoka na joto la kutosha kuishusha lita hiyo kwa nyuzi 5 au zaidi kidogo. Isitoshe, mvuke haundoki peke yake, bali huchukua pamoja nao viambata vyepesi ambavyo ndivyo riha yenyewe. Tundu lenye kipenyo cha sentimita 12 lina eneo mara tisa ya lile la sentimita 4. Hapa joto na riha hudai kitu kimoja: shingo nyembamba. Hali kadhalika, nafasi tupu iliyo juu ya kahawa hujazwa na riha iliyotoka ndani ya kahawa, kwa hivyo jagi la vikombe kumi halifai kuwekewa vikombe viwili.

Hata hivyo, matone lazima yaingie kwa juu. Kifuniko kinatakiwa kiwe wazi na kiwe kimefungwa kwa wakati mmoja. Wasanifu wamelitatua fumbo hili kwa kukipa kifuniko tundu dogo lenye mrija unaoshuka hadi karibu na kitako. Mrija huo una faida ya pili ambayo wanunuzi wengi hawaifahamu. Matone ya kwanza huwa mazito na ya mwisho huwa mepesi. Yakitua juu kwa juu, kahawa hukaa kwa matabaka, na kikombe cha kwanza hakilingani na cha mwisho. Mrija hupeleka matone mepesi chini ya yale mazito, yakachanganyika yanapopanda.

Somo kutoka kwa dele

Muuza kahawa wa Mombasa au Lamu amebeba jibu la sehemu ya fumbo hili kwa miaka mingi. Dele lake lina tumbo pana chini, shingo iliyobanwa, kifuniko, na mdomo mrefu unaomimina bila kumwaga. Kweli, chini ya dele mna makaa, na kwa kipimo cha kahawa ya matone hilo ni kosa lile lile la bamba. Lakini kahawa chungu hukusudiwa iwe nzito, na tangawizi yake haiogopi moto. Kulilaumu dele kwa hilo ni kupima pishi kwa futi.

Linalowahusu wanaisimu ni kwamba sehemu zote zilizotajwa tayari zina majina: tumbo, shingo, mdomo, mkono, kitako. Sitiari ya mwili imekwisha kufanya kazi ambayo kamati ya istilahi ingeikalia vikao. Penye pengo ni kwenye jagi la ombwe lenyewe. Wakenya wengi huliita themosi, ambalo ni jina la biashara. Watanzania husema chupa ya chai, hata ikiwa na kahawa. "Jagi la ombwe" linaeleza muundo bila kutaja kinywaji, na kwa sababu hiyo linastahili kupendelewa.

Shida moja haijapata ufumbuzi wa kuridhisha. Shingo inayozuia mvuke huzuia pia mkono wa anayeosha. Mafuta ya kahawa hunata kwenye kuta, huchacha, na kuiharibu kahawa ya kesho. Msanifu akiipanua shingo hadi ngumi ipite, amerudisha tundu pana alilolikimbia. Akiibana, amemwachia mtumiaji brashi ndefu na maji ya magadi. Kati ya hasara hizo mbili, ya brashi ni nafuu.