KUFUNGUA NA KUFUNGA BETRI MBILI ZA MOTOKAA

Mtu asafiriye katika barabara kuu itokayo Mwanza, akapita lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, akafika Bunda, kisha Makutano, ambapo njia ya Musoma na njia ya Butiama hutengana, hukutana na magari mengi yenye betri mbili. Malori makubwa yanayochukua dagaa na mizigo mingine huwa nazo, na mabasi vivyo hivyo. Baadhi ya motokaa zinazopeleka wageni mbugani nazo zina betri ya pili, kwa ajili ya jokofu na taa za kambini.

Kazi ya kufungua betri hizo yaonekana kuwa ndogo, maana haihitaji ila spana. Lakini spana hiyo hiyo yaweza kumpofusha mtu na kuunguza gari. Kwa hiyo leo twataka kueleza namna ya kuifanya kwa salama, pamoja na sababu zake. Kwani ajuaye sababu hasahau utaratibu.

HATARI ZENYEWE

Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, bado ndiyo itumikayo katika magari mengi. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na ikijaa hupimwa volti 12.6 au karibu na hizo. Nguvu hiyo haimrushi mtu mwenye mikono mikavu, ndiyo maana watu huidharau. Lakini betri moja yaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Spana ikigusa ncha ya chanya upande huu na chuma cha bodi upande huu, hutoa cheche kali, huwa nyekundu kwa moto, na yaweza kushikamana na chuma isibanduke. Pete au saa ya chuma mkononi huchoma nyama vibaya.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni. Hewa hiyo ikifika sehemu 4 tu katika sehemu 100 za hewa ya kawaida, cheche moja yatosha kuilipua. Betri ikapasuka, asidi humrukia usoni aliyeinama juu yake.

TAZAMA KWANZA ZILIVYOFUNGWA

Betri mbili hufungwa kwa njia mbili, na asiyejua ni ipi asiguse nati yo yote.

Njia ya kwanza ni ya kufuatana. Hasi ya betri moja imefungwa kwenye bodi. Chanya yake imeunganishwa kwa waya mfupi na hasi ya betri ya pili. Na chanya ya hiyo ya pili ndiyo iendayo kwenye stata. Volti 12 na 12 huwa 24. Hivi ndivyo yalivyo malori na mabasi mengi.

Njia ya pili ni ya sambamba. Chanya huungana na chanya, na kila hasi hufungwa kwenye bodi. Volti hubaki 12, ila akiba ya umeme huongezeka. Motokaa nyingi za safari za mbugani zimefungwa hivi, mara nyingi kukiwa na swichi ya kutenganisha kati ya betri hizo.

SHERIA NA SABABU YAKE

Sheria ni hii: katika kufungua, hasi ya bodi hutoka kwanza, katika kufunga, hasi ya bodi huingia mwisho. Wazee walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Umeme nao hauendi mpaka upate njia ya kwenda na njia ya kurudi. Bodi nzima ya gari ndiyo njia ya kurudi. Ukiisha kuiondoa hasi, spana yako ikiteleza kutoka chanya ikagusa bodi, hapatatokea kitu, maana njia imekatika.

Hapa ndipo wengi hukosea katika gari la betri mbili za sambamba. Mtu huondoa waya mmoja wa hasi, akadhani amemaliza, akaanza kufungua chanya. Kumbe chanya ile bado imeungana na chanya ya betri ya pili, ambayo hasi yake ingali imeshika bodi. Spana ikiteleza, moto ni ule ule. Basi, hasi zote mbili zitoke kabla ya kugusa chanya yo yote. Wala usiitegemee swichi ya kutenganisha, kwani yaweza kuwa imeshikana ndani bila wewe kujua.

KUFUNGUA

1. Zima injini na vyombo vyote, toa ufunguo, ungoja dakika chache. Usifungue betri injini ikinguruma: umeme wa alteneta hupanda ghafula na kuharibu kompyuta ya gari.

2. Ikiwa betri zilikuwa zinachajiwa, zima chaja, uache upepo upite. Ikiwa kuna paneli ya jua juu ya gari, itenge hiyo kabla ya betri.

3. Vua pete na saa, vaa miwani na glavu, wala pasiwe na sigara karibu.

4. Piga picha ya nyaya kwa simu, au tia alama kila waya.

5. Ondoa hasi ya bodi. Kama ni sambamba, ondoa hasi zote mbili. Funika ncha za nyaya kwa kitambaa kikavu, uzifunge mbali zisirudi.

6. Katika betri za kufuatana, sasa ondoa waya mfupi wa kati, kisha chanya. Katika za sambamba, ondoa chanya. Usilaze spana juu ya betri, maana hata iliyokwisha kufunguliwa ina nguvu zake kati ya ncha zake mbili.

KUFUNGA

Safisha ncha kwa maji ya magadi yanayotumika jikoni. Huua asidi na kuondoa kutu nyeupe. Angalia yasiingie ndani ya betri. Futa hata pakauke. Kaza betri mahali pake, kwani barabara ya mashimo huipasua betri inayocheza.

Kisha rudi nyuma kwa njia uliyojia: chanya kwanza, waya wa kati kama upo, na hasi ya bodi mwisho. Kabla ya kuunga betri za sambamba, zipime. Moja ikiwa imejaa na nyingine imelala, umeme mwingi utakimbilia ile iliyolala. Ichaji kwanza peke yake.

Katika gari la volti 24, betri zote mbili ziwe za namna moja na umri mmoja. Wala usichukue umeme wa redio katika betri moja tu: hiyo itapungua kila siku, na mwenzake itachajiwa kupita kiasi, hata zote mbili zife. Tumia kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12.

Asidi ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi yasiyopungua robo saa, kisha nenda hospitali, hata kama maumivu yametulia.

Mara nyingi kazi hii huachiwa utingo, usiku, kando ya barabara, dereva akimhimiza afanye upesi. Betri hununuliwa dukani, bali jicho halinunuliwi. Dereva asimpe kijana spana kabla ya kumwonyesha hasi za gari ni ngapi na ziko wapi.