Pesa za Kufukia Mashimo ya Migodi: Ofisi Ile Kiasi Gani?



Mradi wa umma ukitajwa katika vikundi vyetu, mtu huuliza mara moja, "Hizo pesa zimeliwa na nani?" Leo tujifunze kuliuliza swali hilo vizuri zaidi.

Tutazame Marekani. Huko wachimbaji wa makaa ya mawe waliacha mashimo, vilima vya taka na mito yenye maji machungu. Sheria ya mwaka 1977 iliunda mfuko wa kurekebisha migodi iliyoachwa zamani. Kila tani iliyochimbwa juu ya ardhi ilitozwa senti 35, na ya chini ya ardhi senti 15. Baadaye viwango vilishushwa. Mwaka 2021 serikali iliongeza karibu dola bilioni 11.3, zigawanywe kwa miaka 15. Pesa hupitia ofisi ya serikali kuu, halafu ofisi ya jimbo, ndipo zifike shimoni.

Je, ofisi hufanya nini?

1. Kuorodhesha mashimo na kutanguliza yale yanayohatarisha maisha.
2. Kuomba ruhusa ya mwenye shamba, na kupima udongo na maji.
3. Kuchora ramani na kutangaza tenda.
4. Kusimamia mkandarasi, na kukagua baada ya mvua.

Bila hayo, tingatinga litasukuma udongo leo na kesho shimo liko wazi tena. Kwa hivyo gharama ya ofisi si wizi, ni sehemu ya kazi.

Lakini tuwe macho. Shimo dogo nalo lataka ramani, barua na tenda. Tuseme, kwa mfano tu, karatasi hizo ni shilingi 200,000. Kwa kazi ya milioni 10 hiyo ni asilimia 2. Kwa kazi ya shilingi 400,000 ni nusu nzima! Afadhali mashimo madogo ya eneo moja yaunganishwe katika tenda moja.

Kosa lingine ni kumwondoa mkaguzi ili hesabu ipendeze. Hapo mkandarasi atafukia nusu na kulipwa yote.

Hapa Kenya, Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya kurekebisha ardhi. Dhamana ikiwa ndogo, au shimo likikosa mwenyewe, mzigo unamrudia mwananchi. Na sisi tunaotembea vijijini tunayajua machimbo ya mawe yaliyojaa maji, watoto wakiogelea humo. Mama wa mtoto huyo hatuulizi asilimia. Anauliza, "Litafungwa lini?"

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Je, katika mradi wetu wa mwisho, ofisi ilitumia kiasi gani, na tulipata nini kwa pesa hizo?
2. Nani alikagua kazi kabla ya malipo ya mwisho?
3. Ni shimo gani karibu nasi lisilo na mwenyewe? Tumpelekee chifu habari hiyo kwa maandishi, na tubaki na nakala.