Kuchagua Mashine ya Kufyonza Vumbi kwa Nyumba Yenye Mazulia

Munisagara ni kituo cha Reli ya Kati, magharibi ya mji wa Kilosa, katika bonde la mto Mkondoa. Wakati wa masika mto huo hufurika mara kwa mara. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliharibu reli na kuwahamisha watu wengi wilayani Kilosa. Tope linaloachwa na maji hukauka wakati wa kiangazi, nalo likisagwa na miguu na magurudumu hugeuka vumbi laini kama unga.

Katika nyumba yenye sakafu ya udongo au saruji, dawa ya vumbi hilo ni nyepesi. Sakafu hunyunyiziwa maji kidogo ndipo ifagiwe, na mkeka hutolewa nje ukakung'utwa. Lakini siku hizi zulia limeingia katika nyumba nyingi za walimu, watumishi na wafanyabiashara, na zulia lililogandishwa sakafuni ukuta kwa ukuta halikung'utwi. Ichukuliwe nyumba ya mwalimu yenye vyumba vinne, vitatu kati yake vikiwa na mazulia, na mtoto mmoja wa nyumba hiyo akiwa na ugonjwa wa pumu. Mashine ya kufyonza vumbi iliyokuwapo imeungua mota. Fedha iliyopo inatosha kununua nyingine mara moja tu. Inunuliwe ya namna gani?

Tabia ya vumbi hewani

Jibu huanzia katika vumbi lenyewe. Chembe ya mchanga yenye kipenyo cha maikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, huanguka katika hewa tulivu kwa kasi ya karibu milimita 8 kwa sekunde. Ikirushwa na ufagio hadi kimo cha mita moja na nusu, hurudi sakafuni baada ya dakika 3 hivi. Kwa mujibu wa kanuni ya Stokes, kasi hiyo hulingana na mraba wa kipenyo. Kipenyo kikipungua mara 10, kasi hupungua mara 100. Kwa hiyo chembe ya maikromita 1 huhitaji zaidi ya saa 5 kushuka kimo kile kile, na hakuna nyumba yenye watoto ambayo hewa yake hutulia kwa saa 5.

Chembe kubwa hunaswa puani na kooni. Zile ndogo hufika ndani ya mapafu. Mtu anayefagia zulia kavu kwa ufagio huona takataka zikiondoka, akaridhika. Kumbe sehemu ya vumbi iliyo mbaya zaidi ameihamisha kutoka sakafuni na kuiweka mahali inapoweza kuvutwa kwa pumzi. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili kwa kufunga madirisha, kufagia, kisha kuwasha kurunzi gizani na kutazama mwali wake kutoka ubavuni kila baada ya nusu saa.

Mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth alilitambua tatizo hilo mwaka 1901, alipoona mashine iliyosafisha kwa kupuliza hewa. Vumbi lilipaa na kutua tena. Inasimuliwa kwamba aliweka leso juu ya kiti cha hoteli, akaifyonza kwa mdomo mpaka akapaliwa, na alipoigeuza aliona duara la uchafu upande wa chini. Mashine yake ya kwanza ilikuwa kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi na kusimama barabarani, na mipira yake ikipitishwa madirishani. Ile ndogo ya nyumbani ilitokana na James Murray Spangler, mfagiaji wa duka moja katika mji wa Canton, Ohio, nchini Marekani. Naye alikuwa na pumu. Alipata hataza mwaka 1908, akaiuza haki yake kwa familia ya Hoover.

Wati si kipimo cha usafi

Mashine haivuti vumbi kama kamba ivutavyo ndoo. Feni iliyo ndani huitoa hewa kwa nyuma. Kanieneo ya ndani hupungua. Hewa ya nje, ambayo kanieneo yake haikupungua, husukumwa kuingia kupitia mdomo wa bomba, nayo hubeba chembe. Mambo mawili basi huhitajika kwa pamoja: tofauti ya kanieneo, ili chembe zing'oke kati ya nyuzi, na wingi wa hewa inayopita, ili zibebwe. Mdomo wa bomba ukizibwa kwa kiganja, tofauti ya kanieneo huwa kubwa kabisa lakini hewa haipiti. Ukiachwa wazi, hewa hupita tele lakini tofauti huwa ndogo. Katika hali zote mbili kazi inayofanyika juu ya zulia ni haba.

Uwezo wa kufyonza ni zao la vipimo hivyo viwili. Ikiwa tofauti ya kanieneo ni kilopaskali 10, na hewa inayopita ni lita 20 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 0.02, zao lake ni wati 200. Hata hivyo, boksi la mashine hiyo linaweza kuandikwa wati 1600. Hizo ni wati zinazoliwa na mota kutoka katika umeme. Nyingi huishia kuwa joto na kelele. Kuchagua mashine kwa wati za boksi ni sawa na kumpima mpishi kwa wingi wa kuni anazochoma.

Nchi za Umoja wa Ulaya zililiwekea jambo hili sheria. Tangu Septemba 2014 mashine za nyumbani zilizozidi wati 1600 hazikuruhusiwa kuingizwa sokoni, na tangu Septemba 2017 kikomo kikawa wati 900. Watengenezaji walilazimika kurekebisha feni na midomo ya mabomba badala ya kuongeza ukubwa wa mota. Lebo ya daraja la ubora iliyoambatana na sheria hiyo haikudumu. Mnamo Novemba 2018 mahakama ya Umoja huo iliibatilisha, kwa sababu vipimo vilifanywa huku chombo cha vumbi kikiwa kitupu, hali ambayo nyumbani hudumu dakika chache tu. Mfuko unapojaa, matundu yake huziba, na mkondo wa hewa hudhoofika.

Kwa mkazi wa kijijini kuna jambo jingine. Umeme wa Tanzania umekadiriwa kuwa wa volti 230, lakini mwishoni mwa laini ndefu volti huweza kushuka jioni. Kwa makadirio, nguvu inayochukuliwa na mota ya aina hii hulingana na mraba wa volti. Zikishuka hadi 180, hubaki kiasi cha asilimia 61. Ni afadhali kusafisha asubuhi. Anayenunua mtumba aisome kwanza bati iliyobandikwa chini ya mashine: iliyotoka Uingereza hukubaliana na umeme wa Tanzania hata kwa umbo la plagi, bali ya Japani imetengenezewa volti 100, na ya Marekani volti 120. Hizo zikichomekwa bila transfoma huungua.

Zulia lipi, brashi ipi

Zulia lenye nyuzi zilizosimama, la sufu au nailoni, huficha mchanga kwenye mizizi ya nyuzi, na hewa peke yake haiung'oi wote. Hapo huhitajika brashi inayozunguka, inayotikisa nyuzi wakati hewa inapita. Zulia lenye vitanzi huweza kukwanyuliwa na brashi hiyo hiyo. Zulia la mkonge nalo halitaki brashi inayopiga, wala halitaki maji, kwa kuwa nyuzi zake hunyonya unyevu na kuacha madoa. Si ajabu zulia la namna hiyo kukutwa katika wilaya ya Kilosa, yenye historia ndefu ya mashamba ya mkonge, hasa pande za Kimamba. Mmea wenyewe uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche 1000 aliyoagiza ni 62 tu iliyofika hai. Nyumba yenye mazulia ya aina mbalimbali inahitaji mashine ambayo brashi yake inaweza kuzimwa huku feni ikiendelea.

Kinachotoka nyuma

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni hewa inayotoka nyuma ya mashine. Mfuko wa kitambaa hunasa mchanga na kupitisha vumbi laini, na hivyo mashine ghali huweza kufanya kazi ile ile ya ufagio mkavu. Chujio la kiwango cha HEPA, kwa kipimo cha Marekani, hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3. Ukubwa huo huchaguliwa kwa sababu ndio mgumu kunaswa: chembe kubwa zaidi hugonga nyuzi za chujio kwa uzito wake, na ndogo zaidi hutangatanga hewani hadi zikagusa nyuzi, za katikati huponyoka. Lakini chujio bora halina maana ikiwa hewa inapenya pembeni yake. Baada ya dakika chache za kazi, kitambaa cheupe kilicholowa kikishikwa mbele ya tundu la kutolea hewa na kwenye maungio ya mfuniko, weusi wake utatoa jibu.

Mifuko ya karatasi hunasa vumbi vizuri na hutupwa bila kulitimua, lakini Kilosa si rahisi kuipata ya kila aina. Mashine yenye chombo, ambamo hewa huzungushwa kwa kasi na chembe hutupwa ukutani, huondoa gharama hiyo. Hasara yake ni wakati wa kukimwaga. Chombo kimwagwe nje, upepo ukiwa mgongoni, na mtoto mwenye pumu akiwa mbali.

Mtoto huyo ana adui mwingine, ambaye ni utitiri wa vumbi, mdudu wa kiasi cha robo milimita anayekula magamba ya ngozi ya watu. Kinyesi chake huwasha njia za pumzi. Mashine huchukua kinyesi hicho na magamba, lakini utitiri wenyewe, ukiwa hai, hung'ang'ania nyuzi. Hunywa unyevu wa hewa, na ukikosa unyevu hufa. Utafiti uliofanywa Australia katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba zulia likianikwa kwenye jua kali utitiri wake huuawa. Wazee walioanika mikeka hawakuijua sababu, ila desturi yao ilikuwa sahihi.

Kabla ya kulipa, mwalimu anaweza kuomba jaribio. Gramu 50 za mchanga mkavu uliochekechwa humwagwa juu ya kipande cha zulia na kukanyagwa. Mashine hupitishwa mara tano kwenda na kurudi. Mfuko au chombo hupimwa kwa mizani kabla na baada ya hapo. Kisha jaribio hurudiwa chombo kikiwa nusu. Shule yenye mizani ya maabara inaweza kulifanya kwa mashine mbili au tatu za kuazima, na matokeo yake yakachorwa katika grafu.

Kwa nyumba iliyotajwa, inayofaa ni mashine ya volti 230, yenye wati za kadiri, brashi ya kuzimika, chujio lililozibwa barabara, na mota ambayo brashi zake za kaboni hupatikana kwa fundi wa Kilosa au Morogoro. Katika chumba cha mtoto zulia ling'olewe, sakafu ya saruji ibaki wazi na kupigwa deki kwa tambara bichi kila siku. Mashine itabakiwa na vyumba viwili, na chujio litachelewa kuziba.