Mhazini wa Kanisa Anamjibu Nani?
Mwongozo kwa wahazini, wahesabu sadaka na watumishi wa ofisi za kanisa

Jumatatu asubuhi mchungaji anaingia ofisini: "Nipatie laki tatu kwenye sadaka ya jana, hati tutaandika baadaye." Mhazini anaogopa kukataa, maana amefundishwa kumtii kiongozi. Anaogopa pia kutoa, maana fedha ni ya Mungu. Afanyeje?

1. Msingi

Waebrania 13:17 inaagiza kuwatii viongozi, na papo hapo inaeleza kwamba viongozi hao nao watatoa hesabu. Warumi 14:12 inaongeza kuwa kila mtu atajieleza mwenyewe mbele za Mungu. Hivyo mchungaji hawezi kukubebea hesabu yako, nawe hutajitetea kwa kusema uliagizwa.

Lakini aya hizo zisiwe kichaka cha kukwepa ukaguzi. Anayesema "mimi namjibu Mungu tu" huku daftari amelifungia kabatini, hamjibu yeyote.

2. Utaratibu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mujibu wa 2 Wafalme 12, hadi mwaka wa 23 wa utawala wa Mfalme Yoashi makuhani walikuwa wakipokea fedha na hekalu halijakarabatiwa. Ndipo likawekwa kasha lenye tundu, na fedha ikahesabiwa na kuhani mkuu pamoja na mwandishi wa mfalme. Paulo naye hakusafirisha mchango peke yake. Alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije akalaumiwa (2 Wakorintho 8:19–21). Kwa hiyo:

(a) Sadaka ihesabiwe siku hiyohiyo na watu wasiopungua wawili, wasiotoka nyumba moja, na wote watie saini.
(b) Fedha yote ipelekwe benki kabla ya kutumika.
(c) Kila malipo yawe na hati yenye saini zaidi ya moja, pamoja na stakabadhi.
(d) Namba ya simu ya kupokea sadaka isajiliwe kwa jina la kanisa, isiwe ya mtu binafsi.
(e) Waumini wasomewe taarifa ya mapato na matumizi.

3. Ukipewa agizo lisilofuata utaratibu

Jibu kwa heshima: "Baba Mchungaji, hati ikishatiwa saini nitatoa mara moja." Mara nyingine ilikuwa haraka tu, na jambo litaishia hapo. Akishikilia, andika tarehe, kiasi na maneno aliyosema, kisha ulifikishe kwa mwenyekiti wa kamati ya fedha au baraza la wazee.

Usilipeleke sokoni wala kwenye makundi ya simu. 1 Timotheo 5:19 inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya kupokea shtaka dhidi ya mzee. Wazee nao wasilifunike, kwani aya inayofuata inataka wanaoendelea kukosa wakemewe mbele ya wote.

Wengi hutaja Matendo 5:29, kwamba imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Wakumbuke kuwa mitume walilisema hilo uso kwa uso mbele ya baraza la Wayahudi, wakapigwa, wala hawakutoroka. Kukataa kwa mhazini nako kuwe wazi, si kwa kununa wala kuficha ufunguo wa kasha.

Agizo ambalo kiongozi hataki liandikwe kwenye daftari, usilitekeleze.